Likizo ya Kuuguza

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mtafsiri wa serikali mbele ya wakazi wa Kibera na Kawangware, Nairobi)



Nimeombwa niseme machache juu ya likizo. Huenda baadhi yenu mkacheka, maana mtu wa Kibera afuataye reli alfajiri kwenda viwandani, au mama wa Kawangware aendaye kufua katika nyumba za Lavington, hana nafasi ya kufikiri habari za mapumziko. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Hata mtumishi wa nyumbani yumo.

Mfanyakazi akiugua, naye amekwisha kutumika miezi 2, ana haki ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Angalieni sana hapa: siku hizo ni za ugonjwa wake mwenyewe. Akiugua mtoto wake au mama yake, hazimfai. Ndiyo sababu likizo ya mwaka hugeuka kuwa likizo ya kuuguza.

Hayo yalinipata mimi. Nilikuwa nimejitolea kuwazuru wagonjwa wa kifua kikuu huku Kawangware, nikawaahidi wenzangu likizo yangu yote. Siku ya tatu, shangazi yangu aliletwa kwangu kutoka Kibera, hana nguvu. Kila asubuhi nilitoka kwenda kuwahimiza watu wa nje wanywe dawa, naye nimemwacha hajapata hata uji. Mke wangu hakunigombeza. Siku ya sita aliniuliza tu, “Baba, je, sisi tumo katika orodha yako?”

Niliona haya. Mimi niliyezoea kuwaambia watu kwamba akohoaye majuma mawili apelekwe kupimwa, sikuwa nimemwuliza shangazi alianza kukohoa lini. Yalikuwa majuma matatu. Tulipompeleka zahanati, makohozi yakaonyesha ugonjwa ule ule. Watoto wetu nao wakapimwa, na yule mdogo, ambaye hajafika miaka mitano, akapewa dawa ya kinga.

Basi hesabuni nami. Dawa za kifua kikuu cha kawaida hutolewa bure katika zahanati za serikali, nazo hunywewa kwa muda wa miezi 6. Likizo yangu ilikuwa siku 21. Tena mgonjwa akiacha dawa katikati, vijidudu vyaweza kuwa sugu. Kwa hiyo sikuweza kumwacha shangazi, wala sikuweza kuwatoroka wagonjwa wangu kimya kimya. Nilimwendea kiongozi wetu, nikamkabidhi orodha: nyumba ipi, mgonjwa yupi, kliniki siku gani. Nilidhani atanikemea, kumbe yeye mwenyewe alikuwa amemwacha mtoto na homa nyumbani asubuhi ile.

Watu wa namna yake ni wengi. Mnamo tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya wa jamii wapatao 100,000, kila mmoja aangalie nyumba kama 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho hiyo si mshahara. Nyumba mia ni nyingi, na ya mia na moja ni yake mwenyewe.

Likizo ilipokwisha, jirani mmoja alikubali kumwangalia shangazi akinywa dawa asubuhi, nami jioni nikawachotea maji nyumba zote mbili. Alimaliza miezi yake sita. Mimi nimerudi kwa wagonjwa wangu, lakini kwa nyumba mbili tu, tena Jumamosi, na mke wangu ndiye aliyeichagua siku hiyo.

Sasa mwenye swali na aulize.