Nani Aliyechuma Kakao Hii?



Wengi wenu hapa ni kaka na dada wakubwa nyumbani, na wengine mnasomesha watoto wikendi. Kwa hivyo leo sitazungumza kuhusu kura wala vitambulisho. Leo nataka tuzungumze kuhusu chokoleti. Naona wengine mnacheka. Ngojeni kidogo.

Majuzi nilikaa na watoto wa mtaani kwetu, wa miaka saba mpaka kumi na moja. Nilinunua chokoleti moja nikaikata vipande vidogo, kila mtu akapata chake. Kabla hawajamaliza kulamba vidole nikawauliza, "Hii inatoka wapi?" Mmoja akasema dukani. Mwengine akasema supamaketi. Wa tatu akajibu kwa kujiamini kabisa: "Ulaya!" Hakuna hata mmoja aliyetaja Afrika.

Hebu jiulize na wewe, kijana mwenzangu, ungejibu nini?

Zaidi ya nusu ya kakao yote duniani inatoka nchi mbili za Afrika Magharibi: Ghana na Kodivaa, ile mnayoisikia kwenye mpira kwa jina la Ivory Coast, nchi ya Didier Drogba. Ulaya haina shamba la mkakao, kwa sababu mti huu unataka joto na mvua ya ikweta. Tunda lake ni kubwa kama papai dogo na linaota kwenye shina lenyewe. Linakatwa kwa panga, linapasuliwa, na ndani mna kokwa thelathini au arobaini hivi zenye utando mweupe mtamu. Kokwa hizo hufunikwa kwa majani ya migomba karibu wiki nzima zichachuke, kisha huanikwa juani. Baada ya hapo ndiyo zinatiwa kwenye magunia na kusafirishwa. Nusu kilo tu ya chokoleti yaweza kumeza kokwa mia nne.

Watoto walipenda sana hadithi hii. Walitaka kujua kama ule utando unalika. Unalika. Halafu msichana mmoja wa miaka minane akauliza, "Na wale wanaochuma, wao wanakula chokoleti?"

Hapo ndipo nilipokwama kidogo, na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza.

Ukweli ni kwamba wakulima wengi wa kakao hawaili chokoleti, ni ghali kwao. Ukinunua chokoleti ya kawaida, sehemu inayomfikia mkulima ni ndogo mno, na makadirio mengi yanaiweka chini ya senti kumi katika kila shilingi. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Lakini Ghana na Kodivaa bei ya shambani hutangazwa na serikali mwanzo wa msimu, kwa hivyo mkulima aliona sehemu ndogo tu ya neema hiyo.

Mzazi akikosa pesa ya kuajiri kibarua, anayebaki ni mtoto wake. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Chicago iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kakao katika nchi hizo mbili. Tuelewane hapa. Mtoto kumsaidia babake shambani baada ya shule si kosa, hata sisi tumelelewa hivyo. Kinachosemwa ni mtoto kushika panga, kubeba mzigo uliomzidi, na kukaa karibu na dawa za kuulia wadudu, mara nyingine shule ikimpita.

Na kampuni kubwa hazikuwa gizani. Mwaka 2001 zilitia saini mkataba huko Marekani, zikaahidi kumaliza aina mbaya kabisa za ajira hiyo kufikia 2005. Tarehe ikasogezwa hadi 2008, ikasogezwa tena 2010, kisha 2020, na safari hii lengo likapunguzwa likawa asilimia 70 tu. Wanaume sita kutoka Mali, waliosema walipelekwa Kodivaa utotoni kufanyishwa kazi ya utumwa, waliwashtaki Nestlé na Cargill. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kesi haiwezi kuendelea kule, kwa kuwa madhara yalitokea ng'ambo. Ndugu zangu, sisi tunaojua maana ya kuzungushwa kortini, tusimuone mtu wa Mali yuko mbali.

Sasa, mtoto wa miaka minane unamwambiaje haya yote? Naona tunakosea njia mbili. Ya kwanza ni kunyamaza, ati bado mdogo. Ya pili ni kumtisha mpaka kipande cha chokoleti kimkwame kooni. Mvulana mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo tumekula haramu?" Mimi si shekhe, hukumu nawaachia wenye elimu. Nilimwambia hakuna aliyemlaumu. Nilimwambia tunasoma hivi ili tujue kuuliza.

Pia msikimbilie kusema "tususie kakao yote". Yule mama wa Ghana tukiacha kununua, ndiye wa kwanza kulala njaa. Wakulima wenyewe wametafuta njia nyingine. Mwaka 1993 wakulima wa Ghana waliunda ushirika unaoitwa Kuapa Kokoo. Mwaka 1998 chokoleti yao iliingia sokoni Uingereza kwa jina la Divine, na wao wakiwa na hisa katika kampuni hiyo. Na ipo alama ya biashara ya haki: mnunuzi anakubali bei ya chini isiyovukwa, na juu yake anaongeza pesa ambazo wakulima wenyewe wanaamua kama zitachimba kisima au zitajenga darasa. Je, alama hiyo inamaliza tatizo? Hapana. Kuna mashamba yenye alama ambayo watoto wamekutwa kazini. Lakini inampa mnunuzi mahali pa kuanzia kuuliza.

Watoto wetu tumewafundisha kugeuza pakiti na kutafuta alama ya halali. Hata wadogo wanajua. Basi tuwafundishe na swali la pili: nani aliyefanya kazi hii, na amelipwa nini?

Na swali hili lianzie nyumbani, tusiwe hodari wa kuhukumu Kodivaa tu. Korosho tunazonunua stendi, zimetoka Kilifi au Kwale? Nani aliyezibangua? Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbanguaji asiye na glavu unamjua kwa mikono yake. Kilifi ilikuwa na kiwanda chake cha korosho, kikafungwa. Chai tunayokunywa kila asubuhi, aliyeichuma anapata ngapi kwa kilo? Ukimuuliza mtoto maswali haya, hamu ya kujua itakuja yenyewe.

Nawaomba mambo matatu tu. Wiki hii, kaa na mdogo wako au watoto wa mtaa, shikeni chakula kimoja, mfuatilie safari yake kutoka shambani mpaka mdomoni. Chora ramani ukiweza. Pili, mpeleke mtoto sokoni akamsalimie anayeuza na amuulize amenunua wapi, kwa adabu. Tatu, anayekufanyia kazi wewe, awe dada wa kufua au kijana wa mkokoteni, mlipe mbele ya mtoto, kamili, bila kumzungusha. Mtoto atasahau maneno yangu yote haya, lakini hilo hatalisahau.

Yule msichana alibakisha kipande chake, akakifunga kwenye karatasi. Nilidhani amekasirika. Kumbe alitaka kumpelekea mamake, ili naye amuulize inatoka wapi.