Ngazi na kopo la rangi

Hapa Sanya Juu wapo wanaodhani Shamba la Wanyama ni hadithi ya nguruwe tu. George Orwell aliitoa mwaka 1945 akiisema Urusi ya Stalin. Fortunatus Kawegere akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, wanaandika amri saba ukutani, kisha usiku nguruwe anapanda ngazi na kopo la rangi kuzibadilisha.

Urusi ni mbali. Panda basi, pita Boma Ng'ombe, ushuke Moshi mjini. Hapo ndipo Machi 1979 Waganda waliompinga Idi Amin walipokutana, wakamchagua Yusufu Lule awaongoze. (Masikini, Ikulu alikaa siku 68.) Yoweri Museveni, msomi wa Mlimani, alikuwamo mkutanoni. Januari 1986 akaitwaa Kampala kwa bunduki, akaahidi mabadiliko ya msingi, si kubadilishana walinzi. Katiba ya 1995 ikamwekea Rais mihula miwili. Mwaka 2005 Bunge likafuta ukomo huo. Mwaka 2017 likafuta na ukomo wa umri wa miaka 75, ambao ungemzuia kugombea 2021.

Nguruwe alingoja giza, tena akaanguka ngazini. Kampala walifanya waziwazi, kwa kura.

Mimi anayeniudhi kitabuni si nguruwe. Ni Benjamin, yule punda: alijua kusoma, akaziona amri zikigeuka, akanyamaza mpaka rafiki yake Boxer alipopakiwa kwenye gari la mchinjaji.