Kigoda cha Milanzi: Mhadhara kwa Wanaoandika Tasnifu ya Historia



Kila msimu wa kuchagua mada unapofika, wasimamizi huletewa kichwa kama hiki: "Athari za Ukoloni katika Mkoa wa Rukwa". Mkoa huu umezaliwa mwaka 1974. Mkoloni hakuuona. Mwanafunzi aliyeandika hivyo hajakosa akili. Amechukua mada kubwa akidhani ukubwa ndio usomi. Matokeo yake ni kurasa hamsini za mambo yanayojulikana, na nyingine zimechotwa kwenye flashi ya kibanda cha steshenari, jina la wilaya likabadilishwa. Tunazijua.

Anzeni hapa tulipoketi, Milanzi, katika nchi ya Ufipa. Masimulizi ya Ufipa yanasema kwamba Milanzi ndiyo iliyokuwa makao ya watawala wa kwanza. Siku moja mtawala Ntatakwa alikuwa mawindoni. Wakaja wanawake watatu wageni, na mmoja wao akakalia kigoda cha enzi. Mwenye kigoda aliporudi, mambo yalikwisha kugeuka: nchi ikawa ya ukoo wa wanawake hao, Watwaci, na Milanzi ikabaki na eneo lake dogo pamoja na heshima ya ukubwa katika mambo ya mila. Baadaye Watwaci nao wakagawanyika, Nkansi upande mmoja na Lyangalile upande mwingine.

Hadithi tamu. Lakini mwanahistoria haulizi tu kama ni kweli. Anauliza nani anaisimulia, kwa nani, na lini iliandikwa. Askofu Adolphe Lechaptois, wa Mapadre Weupe, alitoa kitabu chake kuhusu nchi za ziwa Tanganyika mwaka 1913. Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, alifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kilichoegemea sana simulizi hii kikatoka mwaka 1981. Kati ya watu hao wawili wamepita Wajerumani na Waingereza, na kila serikali ilitaka kujua chifu halali ni nani. Kwa hiyo mzee aliyeulizwa habari za kigoda hakuwa akijibu swali la zamani peke yake. Alikuwa akijibu pia swali la cheo.

Hapo ndipo ilipo tasnifu. Msikilize mzee wa Milanzi, kisha wa ukoo wa Nkansi, kisha wa Lyangalile. Nani anasema Ntatakwa alihadaiwa, na nani anasema alikubali? Na kama yuko anayemlaumu mke wake, ni nani? Usizikoroge simulizi hizo ziwe uji mmoja. Pale zinapopishana ndipo pana historia, na sura yako ya tatu itajiandika hapo.

Msiseme kazi hiyo ni ya maprofesa. Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza pale Dar es Salaam, katika mradi wa utafiti wa Majimaji ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kuzungumza na wazee walioikumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Makala zao zilikusanywa mwaka 1969, na hadi leo hakuna anayeandika kwa umakini juu ya Majimaji bila kuzipitia. Walikuwa na umri wenu.

Asiyependa habari za machifu, mashamba ya Ufipa yana malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Bertram Mapunda alizifanyia tasnifu ya uzamivu mwaka 1995, na hakuzimaliza. Nani alichimba udongo, wanawake walikatazwa nini, jembe la dukani lilifika lini kijijini kwenu? Swali moja kati ya hayo linatosha shahada nzima.

Nyaraka nazo msizikimbie. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Waingereza. Lisome jalada kama unavyomsikiliza mzee: bwana shauri, yule ofisa wa kikoloni aliyeliandika, naye alikuwa na jambo lake. Mzee akizungumza, andika jina lake kama ameridhia, umri, ukoo, mahali na tarehe, tena jioni hiyo hiyo. Maneno yake ya Kifipa yaandike kwa Kifipa kwanza, tafsiri ifuate.

Ombi langu la mwisho ni kwenu na kwa wasimamizi wenu. Tasnifu zikishafungwa jalada gumu huingia maktaba ya chuo, na mzee aliyetoa habari hazioni tena. Chapisheni nakala moja zaidi, iletwe hapa Milanzi, iwekwe ofisi ya kata au shuleni, ili wenyewe waisome na waikosoe.