KIFUA KIKUU: HABARI ZA KONDOA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme machache juu ya maradhi ya kifua kikuu, nami nimechagua Kondoa, kaskazini ya Dodoma, ili tusizungumze ya hewani. Wengi wetu twaijua nchi ile kwa michoro ya kale ya Kolo tu. Ni nchi ya vilima na makorongo, na vijiji vyake vingi vi mbali na hospitali.

Maradhi haya si uchawi wala si ya kurithi. Ni vijidudu alivyovitangaza Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, navyo husafiri kwa pumzi ya mwenye kukohoa. Nyumba ya tembe, yenye paa la udongo na kidirisha kidogo, huzuia baridi ya Juni. Huzuia na pumzi ile isitoke. Tusiwacheke. Vyumba vyetu vya Ng'ambo vingapi vyapitisha upepo?

Dawa ipo, tena ni bure. Humezwa miezi 6: dawa 4 kwa miezi miwili, kisha dawa 2 kwa miezi minne. Mpango wa taifa ulianza mwaka 1977, na ni Tanzania hii ambamo Daktari Karel Styblo, aliyeugua kifua kikuu mwenyewe katika kambi ya Wanazi, alionyesha pamoja na matabibu wetu kwamba nchi maskini yaweza kuwaponya watu wake. Dunia ikaufuata mfano huo katika miaka ya 1990.

Basi mbona watu wangali wanakufa?

Mtazameni mkulima wa mtama. Akohoa, anunua dawa dukani, aenda kwa mganga, na miezi yapita. Akifika hospitali mbuzi wamekwisha kuuzwa kwa nauli. Dawa humtia njaa, na nyumbani chakula hakitoshi. Baada ya miezi miwili ajiona mzima, na mvua imenyesha. Ashika jembe, aacha vidonge. Maradhi yakirudi huenda yakawa sugu, na matibabu ya namna hiyo yalianza mwaka 2009 huko Kibong'oto, Kilimanjaro. Nani atalima kwake siku hizo zote? Shirika la Afya la Dunia limeona katika nchi nyingi kwamba karibu nusu ya nyumba zenye mgonjwa hutumia, au hupoteza, zaidi ya sehemu moja katika tano ya pato la mwaka.

Tena iko aibu. Hutengewa sahani, jirani hunong'ona kuwa ni UKIMWI, na mke hurudishwa kwao, ingawa mwenye kumeza dawa sawasawa kwa kawaida haambukizi tena baada ya majuma machache.

Tangu mwaka 2006 ulianza utaratibu wa mgonjwa kuchagua kumeza dawa nyumbani, akisimamiwa na jamaa yake. Ni jambo jema, ila mzigo wa zahanati umetuliwa juu ya kichwa cha mke au mama asiyelipwa kitu.

Yatupasa kudai haya: makohozi yasafirishwe badala ya mgonjwa, apewe nauli na unga kwa miezi yote 6, na kila nyumba yenye mgonjwa ifikiwe, watoto wa chini ya miaka 5 wapimwe, na wasiougua wapewe dawa ya kinga kabla hawajaanza kukohoa.