Choo cha Shule na Maji ya Lambo

Maneno ya Katekista mbele ya waumini na waalimu, Bariadi, katika siku za Jubilei



Katika Jubilei hii tumesikia mengi juu ya makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa, nasi twamshukuru Mungu. Sisi makatekista tumeombwa kusema juu ya afya ya watoto, tukachagua jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, yaani choo cha shule. Musa mwenyewe, katika Kumbukumbu la Torati, aliwaagiza Waisraeli watoke nje ya kambi na chombo cha kuchimbia, wafukie uchafu wao, kwa kuwa Bwana hutembea katikati yao. Ikiwa Mungu hakuona aibu kuagiza hayo, sisi tu nani hata tunyamaze?

Nchi yetu ya Bariadi, pamoja na Itilima, Maswa, Meatu na Busega, iliyofanywa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, ni nchi ya pamba, ya ng'ombe, na ya kiangazi kirefu. Maji yetu mengi ni ya visima, ya mito ikaukayo, na ya malambo. Lamboni ng'ombe hunywa, mama zetu hufua, na watoto huogelea. Wengi wetu tuliozaliwa hapa tulikojoa damu utotoni, wala hatukumwambia mtu, tukidhani ndivyo wavulana walivyo. Kumbe ni kichocho.

Yafaa mzazi na mwalimu waijue njia ya ugonjwa huu. Mdudu wake aligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz. Hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, akataga mayai, nayo hutoka pamoja na mkojo. Mtoto akikojoa lamboni, mayai huanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono wa majini. Humo huzaana majuma kadhaa. Kisha hutoka kumtafuta mtu, wakapenya ngozi yake. Hata asiyeyanywa maji hayo hupatikana, maadamu ametia miguu tu. Mtoto huyo hupungukiwa damu, hulegea darasani, na asipotibiwa, kibofu chake huweza kuharibika ukubwani.

Dawa yake, prazikwanteli, hugawiwa mashuleni, nayo ni dawa njema. Mzazi asimfiche mtoto wake siku hiyo. Lakini dawa huua wadudu walio mwilini leo, haimkingi mtoto na wale wa kesho. Amezaye dawa asubuhi, akaogelea jioni katika lambo lile lile, huenda akaambukizwa tena. Basi dawa humtibu mtoto, bali choo ndicho kilindacho lambo. Hilo ndilo neno letu la leo.

Nasi hatuna budi kuungama. Katika kijiji kimoja tukijuacho tulichanga fedha, tukajenga vyoo vya shule, vikabarikiwa kwa nyimbo. Mwaka haujaisha, tukavitia kufuli visichafuke, tukaviweka kwa ajili ya wageni. Watoto wakarudi vichakani na lamboni. Wasichana wakubwa, wakikosa mahali pa kujisitiri katika siku zao, wakakaa nyumbani. Nasi tukawaita wavivu, hali ufunguo umo mfukoni mwetu.

Tena vyoo vichache havitoshi. Ada ya shule ilipoondolewa mwaka 2016, watoto walifurika madarasani, lakini matundu ya vyoo hayakuongezeka vivyo hivyo. Mwongozo wa Serikali wataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Enendeni mkahesabu katika shule zenu.

Wala choo peke yake si yote. Huko Nyanza, katika nchi jirani ya Kenya, wachunguzi walilinganisha shule nyingi, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2012. Katika shule zilizofundishwa kunawa mikono na kupewa dawa ya kusafisha maji ya kunywa, wasichana walipungua sana kukosa masomo. Lakini palipoongezwa vyoo vipya, mikono ya wasichana ilionekana kuwa na uchafu zaidi, nao wachunguzi wakadhani ni kwa sababu vyoo vilitumika pasipo karatasi wala sabuni ya kutosha. Twajifunza kwamba choo bila maji na sabuni huweza kuleta dhara jipya.

Sisi pia tumeonywa. Mwanzo wa mwaka 2024 kipindupindu kilikuwa mkoani mwetu. Tabibu John Snow alionyesha mjini London, tangu mwaka 1854, kwamba ugonjwa huo husafiri katika maji yaliyochafuliwa. Elimu hiyo ni ya zamani. Kilichopungua ni bidii yetu.

Mtu asiseme, Tungoje kwanza bomba. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba, na kijiti cha kukanyaga; mtoto wa darasa la tatu aweza kukitengeneza. Sabuni ikikosekana, majivu yapo katika kila jiko. Jambo gumu ni kujaza dumu kila asubuhi, mwaka mzima.

Basi twawaomba mambo matatu. Waalimu, fungueni vyoo, na zamu ya usafi iwe ya wavulana na wasichana sawasawa, wala isiwe adhabu. Wazazi, changeni sabuni na maji kama mchangavyo kwa sikukuu, nanyi mkawakataze watoto kukojoa majini. Wazee wa vigango, kila mwezi mkague choo cha shule kama mkaguavyo paa la kanisa.

Katika sheria ya kale, mwaka wa Jubilei watumwa waliachwa huru. Watoto wetu wamefungwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Ufunguo tunao sisi; tukifika nyumbani, tuutoe mfukoni. Mungu awabariki, na Mama Maria awaombee watoto wetu. Amina.