Pima Unyoya Kabla ya Kuufunga

(Mazungumzo na kikundi cha vijana wanaofunga chambo cha manyoya)

Mnunuzi akirudisha dazeni nzima, jasho la siku limepotea, na mara nyingi kosa ni moja: unyoya haukulingana na ndoano.

Nambari za ndoano huenda kinyume. 16 ni ndogo kuliko 12. Kabla ya kufunga, upinde unyoya wa jogoo juu ya mti wa ndoano, utazame. Kwa chambo cha kuelea, nywele za unyoya ziwe na urefu wa mara moja na nusu, zisizidi mara mbili, ya nafasi iliyo kati ya ncha ya ndoano na mti wake. Zikizidi, chambo huyumba na kusokota mshipi. Zikipungua, hakielei vizuri, na mvuvi wa trauti kule Gura hatakinunua tena.

Ngozi ya shingo ya jogoo ina saizi nyingi: ndogo karibu na kichwa, kubwa upande wa mgongoni. Zipangeni kwenye bahasha mapema. Mimi, mtu wa habari, juzi nilifunga unyoya wa 12 kwenye ndoano ya 16. Kikatoka kama brashi ya chupa!

Leo tunaanza na nambari 14. Sogezeni viti.