FUKUSI ANAKULA MSHAHARA WETU
(Hotuba kwa wanachama wa Kericho na Bomet)



Katika chama tumezoea kusema juu ya mshahara, kilo za majani na nyumba. Leo nimeombwa niseme juu ya mahindi ghalani, na hilo nalo ni jambo la mshahara. Wengi wetu tuna shamba dogo nyumbani. Mahindi yakidumu hadi mavuno mengine, mshahara hulipa karo na nguo. Yakiharibika, mshahara huishia dukani kwa kununua unga. Tena mwenye kuogopa wadudu huuza upesi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na baada ya miezi michache hununua mahindi kwa bei ya juu. Hasara hiyo ni mara mbili.

Adui wa kwanza ni fukusi. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Funza hula punje kutoka ndani, na penye joto mdudu mzima hutoka baada ya majuma matano hivi. Kwa hiyo punje yaweza kuonekana nzima, kumbe imekwisha kuliwa. Mara nyingi fukusi huingia mahindi yakiwa bado shambani. Adui wa pili ni dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati. Katika nchi yetu alionekana kwanza Taveta mwaka 1983, akitokea Tanzania. Yeye hugeuza punje kuwa vumbi, tena hutoboa hata miti ya ghala.

Je, mbegu yaweza kutusaidia? Ndiyo, kwa maana mahindi hayafanani. Hindi ambalo maganda yake ni marefu na yamebana mpaka nchani humzuia fukusi shambani. Punje ngumu yenye ngozi ngumu humtaabisha mdudu kuitoboa, na funza wake hukua polepole. Tabia hizi hurithiwa, kama mtoto arithivyo kimo cha wazazi wake. Basi mtaalamu wa mbegu aweza kuzichagua.

Lakini huchagua lile alilotumwa kulitafuta. Kazi ya kuzalisha mahindi bora ilianza Kitale mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatoka mbegu ya H611, iliyozalishwa kwa kuunganisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Shabaha kubwa ilikuwa mavuno mengi, na mavuno tuliyapata. Habari za ghalani zilifuata nyuma.

Baadaye shirika la utafiti la KARI, ambalo sasa ni KALRO, na kituo cha mahindi na ngano cha CIMMYT chenye makao yake Mexico, walianza mwaka 1999 mpango wa mahindi yanayoshindana na wadudu. Wadudu wa ghalani wakajaribiwa Kiboko, katika Makueni. Punje za kila aina hupimwa uzito sawa, hutiwa chupani pamoja na wadudu wa idadi sawa, na baada ya miezi mitatu hivi wadudu huhesabiwa na vumbi hupimwa. Aina inayostahimili huunganishwa na yenye mavuno mengi, na watoto wake hujaribiwa tena. Mahindi ya kale ya visiwa vya Karibi, yaliyohifadhiwa katika akiba ya mbegu huko Mexico, yalionekana kuweza kumpinga dumuzi.

Ndugu zangu wa Bomet wanajua kuwa mbegu yaweza kubadilishwa. Mwaka 2011 ugonjwa wa kukausha mahindi ulionekana Longisa kwa mara ya kwanza katika Kenya. Mashamba yakakauka, watu wakapiga kelele, na mwaka 2013 kikafunguliwa kituo Naivasha cha kujaribu aina za mahindi dhidi ya ugonjwa huo. Ugonjwa wa shambani huonekana na kila apitaye njiani. Fukusi hula gizani, kwa hiyo kelele zetu juu yake ni ndogo.

Sasa tusidanganyane. Mbegu ngumu humchelewesha mdudu, haimmalizi. Mahindi yakiingia ghalani na unyevu, huota ukungu wenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika Ukambani na jirani zake. Kabla ya kuhifadhi, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikigandamana na chupa, rudisha mahindi juani. Fagia ghala, ondoa mahindi ya zamani, na ukiweza tumia magunia yasiyopitisha hewa.

Ninaomba tufanye mambo mawili. La kwanza, wakati wa kununua mbegu, kila mmoja amwulize mwenye duka: maganda yake hufunika mpaka nchani? Punje yake ni ngumu? Hudumu miezi mingapi ghalani? La pili, kila tawi liandike aina zilizopandwa na mwezi ambao fukusi alianza kuonekana, tupeleke habari hizo kwa bwana shamba na kwa watafiti. Mtu mmoja akilalamika huambiwa ni bahati yake mbaya. Matawi yote yakileta hesabu moja, itabidi tujibiwe.

Umoja ni nguvu.